Aikande na Vikombe Saba vya Maziwa

Aikande alikuwa akijificha kwenye kahawa. Kila haja kubwa ilipomjia, aliacha mchezo wake, akaenda kwa ncha za vidole mpaka kwenye mibuni ya nyuma ya banda la ng'ombe, akashika shina moja kwa mikono miwili, akakaza miguu. Uso ukamwiva. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Mimi bibi yake nilikuwa nasimama mlangoni nampigia kelele: "Sukuma, mama, sukuma!" Miezi miwili nilimwambia asukume. Kumbe mtoto hakuwa anasukuma. Alikuwa anazuia.

Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo nilipokosea, na mimi si mtu wa kukosea. Waulize huku kwetu Machame.

Naitwa Yuditha. Shule nilifika darasa la pili, baba akasema mtoto wa kike akishajua kusoma jina lake na zaburi imetosha. Kuandika nilikuja kujifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na kitoto mgongoni. Mkono wangu ni mzito na herufi zangu ni kubwa kama punje za mahindi, lakini haya nimeandika mwenyewe. Kindness, mke wa mwanangu Godwin, alitaka nimsimulie ayaandike kwenye simu. Nikamwambia simu yako haikuwepo.

Nimezaa sita, wote wazima. Na tangu niolewe sijawahi kununua maziwa. Kwetu hilo si jambo dogo. Kihamba chetu, yaani lile shamba la kuzunguka nyumba, ni migomba, ni kahawa, na ni ng'ombe bandani anayeletewa majani mpaka mdomoni. Mwanamke akijifungua anapewa maziwa. Mgeni anapewa maziwa. Mtoto mwenye mashavu ndiye cheti cha bibi yake, na mtoto mwembamba akipita njiani watu wanaulizana: kwa huyo hawana ng'ombe? Ng'ombe wangu wa sasa anaitwa Bi Harusi, kwa sababu ya ule weupe ulioshuka usoni kama shela. Anatoa ndoo asubuhi na nusu ndoo jioni, na povu lake ukilitia kijiko kinasimama.

Kabla sijafika kwa mtoto niseme na habari ya mfongo. Mfongo ni mtaro wa maji. Babu zetu waliuchimba kutoka mtoni huko juu, ukashuka kihamba kwa kihamba. Kuuzibua ilikuwa kazi ya wanaume. Mwanamke hakuruhusiwa hata kufika kwenye kinywa chake, walisema maji yatakasirika. Sasa mwaka mmoja wa ukame mfongo ukaziba. Mume wangu, marehemu Sifael, alikuwa amelala na mguu uliovunjika, na wanaume wenzake wamekaa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, wanajadiliana siku ya kwenda. Wanajadiliana, na maharage yangu yanakauka. Nikachukua jembe nikapanda peke yangu. Kwenye kona moja nikakuta tope limekuwa gumu kama tofali. Nikalipiga. Nikalipiga tena. Mpini ukakatika, na ukingo wa mfongo ukaanza kubomoka. Nikakaa chini nikalia kwanza, halafu ndiyo nikafikiri. Nikafungulia maji kidogo kutoka juu, kidogo tu, yalowanishe lile tope. Nikarudi kesho yake. Nikarudi kesho kutwa. Siku ya nne tope likaondoka lenyewe na maji yakashuka, yakafika kwangu, yakafika kwa jirani, yakafika kwa wale wa mbege. Hakuna aliyenisema. Waliyanywa wakanyamaza.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa Aikande.

Kindness anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni kule Rau, mjini Moshi, leo zamu ya asubuhi, kesho ya jioni. Godwin anapandisha watalii mlimani, akiondoka ni wiki nzima. Nikawaambia, mleteni kwangu, huku kuna hewa na kuna Bi Harusi. Wakamleta akiwa na mwaka na miezi miwili. Kindness akawa anakuja Jumamosi, kila baada ya wiki mbili. Mtoto akanawiri. Mashavu yalikuwa hivi! Nikampitisha njiani makusudi ili watu wamwone.

Alipotimiza miaka miwili, kwenye lile joto la Januari, siku moja akatoa choo kigumu, kikubwa kama kokwa la parachichi, na juu yake mchirizi mwembamba wa damu. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikamwosha, nikambeba mgongoni, akalala. Nikadhani yamekwisha. Ndipo yalipoanza. Toka siku hiyo ikawa ni kahawa. Siku tatu bila choo, siku nne, siku tano, tumbo gumu kama ngoma. Na kikija kutoka, ni kokwa lingine, damu nyingine, na kilio.

Akaacha kula. Mtori, ile supu yetu ya ndizi, vijiko viwili. Kiburu, ambacho ndizi zake na maharage alikuwa akivipenda, anageuza uso. Mimi nikasema asiyekula atakunywa. Nikamwongezea maziwa. Kikombe akiamka, kikombe saa nne, kikombe mchana, na kadhalika mpaka jioni. Kila alivyozidi kufunga choo ndivyo nilivyozidi kumimina.

Jirani yangu Mama Ildefonce, ambaye tumebishana miaka arobaini na tunakaa benchi moja kanisani, akaja akamkuta mtoto kwenye kahawa.

"Mama Godwin, mtoto anakunya mawe na wewe unamtazama?"

"Nifanye nini, nimkunyie mimi?"

"Kata kipande cha sabuni ya mche. Kichonge kama kidole. Mtie nyuma, utaona."

"Sabuni?"

"Wangu wote nimewatia. Ildefonce si huyo leo ni fundi wa umeme?"

"Labda ndiyo maana ana hasira."

Nilimcheka, lakini kesho yake nilichonga. Naliandika hili ili asirudie mwingine. Choo kilitoka, ndiyo, na kilio kilifika barabarani. Baada ya hapo kila nilipomwogesha, akiona sabuni anatetemeka. Halafu akaanza kujificha hata mimi nisimwone, mimi ambaye alikuwa hawezi kulala bila kushika sikio langu. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumamosi Kindness akaja. Akashika tumbo la mwanawe, akamtazama alivyosimama kule kwenye mibuni, akaja jikoni taratibu.

"Mama, pale kazini kuna dada mwanawe alikuwa hivihivi. Hospitali walimwambia apunguze maziwa."

Nilikuwa namenya ndizi. Nikaweka kisu chini.

"Maziwa?"

"Ndiyo, mama. Yakizidi yanafunga choo. Walisema na maji awe anapewa—"

"Kindness. Maziwa yako wewe yalikauka mtoto akiwa na miezi mitano. Ya Bi Harusi hayajakauka mpaka leo. Sasa nani amfundishe mwenzake?"

Kindness akasimama wima.

"Mama, umelisema hilo," akasema.

"Nimelisema."

"Haya. Nakuja tena Jumamosi, baada ya wiki mbili. Nikimkuta bado anajificha kule, naondoka naye. Nitatafuta dada wa kazi amlee huko huko Rau."

Akambusu mwanawe, akapita mbele yangu bila kuaga. Mimi nikamaliza kumenya ndizi. Nilizimenya vibaya, nusu nilitupa.

Jumatatu nikambeba Aikande nikaenda naye zahanati. Nisijisifu, sikwenda kutafuta dawa. Nilikwenda ili daktari aseme mbele ya watu kwamba maziwa hayana kosa, nimpigie Kindness simu hapohapo. Na ili ajue ni maziwa ya namna gani, nikambebea chupa ya chai imejaa maziwa, ya asubuhi ile ile.

Daktari mwenyewe akatoka mlangoni kuita mtu, na mimi nikamtambua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe si Elisaria wa kwa Aristides? Uliyekuwa ukipanda mpera wangu?"

Benchi lote likacheka.

"Ni mimi, bibi. Na ulinichapa kwa ufito wa mbuni."

"Ndiyo maana umekuwa daktari."

Akatuingiza ndani. Akauliza mambo mengi, na aliuliza kwa adabu. Tangu azaliwe choo kilikuwa kikitoka vizuri? Kilitoka. Anatapika? Hapana. Ana homa? Hapana. Anatembea sawa, anakua? Nikamwonyesha mashavu. Akampapasa tumbo kwa mkono aliokuwa ameupasha joto kwanza, nikaona huyu ana mama. Akamgeuza akatazama kwa nje tu, hakuingiza kitu, akaniambia kuna mpasuko mdogo, kama ule wa midomo wakati wa baridi ya Julai.

"Kuna kitu mlimtia?"

Nikatazama ukutani. "Sabuni."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Sawa. Na anakunywa nini, bibi?"

Hapo nikakaa vizuri. "Maziwa."

"Kiasi gani?"

Nikainua mkono mmoja wote na vidole viwili vya mkono mwingine. "Vikombe saba. Vikombe, si vijikombe."

"Na maji?"

"Maji ya nini, na maziwa yapo?"

Elisaria akaweka kalamu mezani.

"Bibi, nisamehe. Hayo maziwa ndiyo yanamfunga."

Nikasimama. Nikamvuta Aikande. Nikachukua na chupa yangu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, bila kupandisha sauti:

"Mwaka ule wa ukame nilikuwa mdogo. Tulikuwa tunachota maji ya matope kule bondeni. Siku moja tukaona mfongo unatiririka. Baba akasema, ni yule mwanamke. Ulilivunja lile tope kwa jembe, bibi?"

Nikageuka. "Nilivunja jembe."

"Halafu?"

"Nikaliloweka."

"Siku ngapi?"

"Nne."

"Basi njoo ukae, maana hii kazi unaijua kuliko mimi."

Nikarudi nikakaa. Mtu anayejua kukusifia mahali pake ni vigumu kumkimbia.

Akanieleza. Mtoto aliumia mara moja, akaogopa, akazuia. Kinachozuiwa kinakaa humo kinakauka, kinakuwa kikubwa, na kikitoka kinachana palepale. Anaogopa zaidi, anazuia zaidi. Na maziwa yamelijaza tumbo, hapana nafasi ya chakula cha kusukuma. "Sabuni ndiyo lile jembe," akasema. "Inabomoa ukingo."

Akanipa dawa ya maji, tamu, na kibomba cha plastiki cha kupimia, akachora mstari kwa kalamu. Dawa hiyo inavuta maji kwenye utumbo, choo kinalainika. Nimpe kila siku. Nisiache siku ya kwanza nikiona kimekuwa kizuri, maana utumbo uliotanuka unachukua miezi kurudi. Maziwa, vikombe viwili vidogo kwa siku, tena baada ya kula. Maji mara kwa mara. Papai, parachichi, mboga, maharage. Kila akimaliza kula akalishwe kwenye poti, miguu ikanyage chini, dakika chache tu, asilazimishwe. Akitapika, tumbo likivimba, akipata homa, nimlete mbio. Na mwanzoni atachafua nguo. "Tope la zamani likianza kutoka linachafua, bibi. Usifunge maji."

"Na haya maziwa niliyokuletea?"

"Hayo niachie. Lazima mtu ateseke kwa niaba ya Aikande."

Nikacheka, na nilikuwa sitaki kucheka.

Wiki ile ilikuwa kazi. Asubuhi ya kwanza Aikande alishika kikombe chake kitupu akanifuata nacho kila nilikokwenda. "Mawa, bibi. Mawa." Na kule bandani Bi Harusi naye analia kama anajua ametukanwa. Nilimpa mtoto maji, akayamwaga. Nikampa maji yenye ndimu kidogo, akanusa, akanywa. Maziwa yaliyobaki ningeyapeleka wapi? Nilibeba ndoo mpaka kwa Mama Ildefonce.

Akaitazama, akanitazama. "Leo jua limetokea wapi?"

"Kunywa unyamaze."

Nilikwenda soko la Kwa Sadala nikaleta mapapai ya tambarare na poti ya bluu. Mtori wa mtoto nikautilia mchicha mpaka ukawa kijani. Siku ya pili akala vijiko vitano, siku ya tatu akamaliza kibakuli akakilamba. Njaa ilikuwa imerudi, kwa kuwa tumbo lilikuwa na nafasi.

Poti ilikataliwa. Akiiona anakaza miguu. Basi nikaiweka tu uani, karibu na kigoda changu ninapomenyea ndizi, nikajifanya sina habari nayo. Aikande alikuwa na mtoto wake wa gunzi, nimemfunga kitambaa. Akamkalisha yule gunzi kwenye poti. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akapaza sauti:

"Sukuma, mama! Sukuma!"

Ilikuwa sauti yangu. Kweli kabisa, na ule ukali wangu, na mimi nilikuwa sijui kama nina sauti mbaya vile. Nikaacha ndizi. Nikasogea nikachuchumaa karibu na gunzi, magoti yangu yakilia, nikamwambia gunzi polepole:

"Usisukume, mama. Kaa tu. Bibi yupo."

Aikande akanitazama muda mrefu. Halafu akainama naye akamnong'oneza gunzi sikioni. "Kaa tu. Bibi yupo."

Siku ya nne dawa ikafika kazini. Sitaeleza. Nguo nilizofua siku ile na ya tano zingetosha watoto mapacha. Mama Ildefonce akapita, akaziba pua. "Sasa umemharibu tumbo. Acha hiyo dawa!" Nikataka kuacha, nasema kweli. Kibomba kilikuwa mkononi. Nikakumbuka siku ya pili ya mfongo, maji yalivyoshuka meusi, nikadhani nimeharibu. Nikavuta dawa mpaka kwenye mstari nikampa.

Siku ya sita akaenda kwenye kahawa. Nikamfuata kwa mbali, sikusema kitu. Akashika shina, akaanza kulia kabla hakijatoka. Kikatoka, laini kama ndizi iliyopondwa, na katikati ya kilio akanyamaza. Akageuka akakitazama kwa mshangao, kama mtu aliyefungua mlango akitegemea kukuta mbwa. Kidonda kilikuwa kinapona. Lakini kesho yake alijificha tena. Nikajifunza hapo kwamba hofu inapona nyuma ya kidonda, na haina dawa ya kupima kwa kibomba.

Jumatatu nilimrudisha kwa Elisaria. Akapapasa tumbo, likawa laini. "Unazibua vizuri, bibi," akasema. "Usiache." Nilitoka pale mgongo umenyooka.

Wiki ya pili choo kikawa kila siku, lakini kwenye kahawa, na kwa machozi. Poti anakaa, anaimba, anainuka mkavu. Ijumaa nikamwona tena anakwenda kwa ncha za vidole. Na kesho ni Jumamosi ya Kindness. Nilijua neno lake ni neno. Ni mkaidi yule, na ndiyo sababu nilimkubalia Godwin amwoe.

Basi Jumamosi asubuhi nikachukua kisu nikaenda mpakani mwa shamba nikakata isale. Mchagga hahitaji kuelezwa. Kwa asiyejua, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Aliyekosa anakata jani lake, analikunja fundo, anampelekea aliyemkosea, na anayepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Mdogo humpelekea mkubwa. Mke wa mwana humpelekea mama mkwe. Kinyume chake, katika miaka yangu sabini na nne, sijakiona wala sijakisikia. Nililikunja lile fundo mara tatu, vidole vinakataa.

Kindness akaja saa nne. Begani ana begi tupu, la kubebea nguo za mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akatua begi kwenye ngazi. Nikatoa isale chini ya kanga nikamnyooshea. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Hapana, mama. Mama, siwezi. Mimi ndiye niliyeondoka bila kukuaga."

"Pokea, mkono unachoka. Maziwa yako hayakukosa kitu. Yaliyokosa ni yangu. Saba kwa siku, Kindness. Kwa mkono wangu huu."

Akapiga magoti palepale kwenye vumbi na gauni lake la mjini, akapokea kwa mikono miwili. Nikamshika kichwa. Tukalia, yeye kwa sauti, mimi kimyakimya kama inavyonifaa. Tulipofuta macho ndipo tukagundua uwanja umenyamaza. Mtoto hayupo.

"Yuko kwenye kahawa," Kindness akasema, na uso ukasawijika.

Na poti haikuwepo.

Tukanyata mpaka nyuma ya banda. Pale kwenye mibuni yake, kwenye shina lake lile lile, Aikande alikuwa ameiburuta poti ya bluu mwenyewe. Amekaa. Miguu chini, magoti juu, gunzi kifuani. Hakushika shina. Alikuwa anamwambia gunzi taratibu, "Kaa tu. Kaa tu. Bibi yupo." Kindness akataka kwenda, nikamshika gauni. Tukangoja. Bi Harusi alikuwa anacheua, namsikia. Halafu tukasikia kitu kikianguka kwenye plastiki, kwa sauti ndogo tu, na mimi sijasikia kengele ya kanisa iliyolia vizuri kuliko hiyo.

Aikande akainuka. Akatazama ndani. Akatutazama sisi.

"Haiumi," akasema.

Jamani, nilipiga vigelegele! Sikupiga vile hata kwenye harusi ya Godwin. Kindness akaitikia, akambeba mtoto jinsi alivyo bila kumfuta, tukacheza pale katikati ya kahawa. Mama Ildefonce akaja mbio, mwiko mkononi.

"Nani kajifungua?"

"Hajajifungua mtu! Aikande kanya!"

Akachungulia poti, akatikisa kichwa kwa heshima, na yeye akaongeza kigelegele chake. Hakutaja sabuni. Na mimi, kwa siku ile moja, sikumkumbusha.

Kindness alirudi Rau jioni na begi limejaa ndizi za mchare na mapapai, na juu yake chupa ya maziwa. "Haya ni ya kwangu, mama," akasema, "mimi sijafunga choo." Mtoto alimwacha kwangu. Lile jani la isale alilichukua, amelibandika mlangoni kwake, Godwin aliponiambia nilijifanya sikusikia.

Dawa nilimpa mpaka Agosti, Elisaria akiipunguza kidogokidogo mpaka akasema basi. Sasa wanawake wananiletea watoto wanaojificha nyuma ya milango na makabati, na mimi swali langu la kwanza ni moja: vikombe vingapi? Halafu nawapeleka kwa Elisaria, maana mimi si daktari. Ninajua mifongo tu.

Lakini Aikande alikuwa amezoea vibaya. Kila akitoka chooni anadai haki yake: "Bibi, piga!" Na mimi napiga vigelegele. Sasa Jumapili moja, dawa bado haijaisha na mvua za masika zimeshaanza, tumo kanisani, mchungaji yuko katikati ya mahubiri, Mama Ildefonce akamtoa mtoto nje kwa haja. Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Nikasikia vile viatu vidogo vinakimbia katikati ya mabenchi, taptaptap, mpaka mbele kabisa tulipokaa sisi wazee. Akasimama. Akapaza ile sauti, yangu kabisa:

"Bibi! Nimekunya! Haikuuma! Piga!"

Mchungaji akafumba Biblia na kidole ndani. Watu wote wakanitazama mimi, Yuditha, mama wa watoto sita, mzee wa usharika, kofia ya sufu kichwani.

Nikasimama wima. Nikapiga.